Mvua ya Alhamisi

Chondamma hakuwa mtu wa kukaa. Siku tano za juma alikuwa nyuma ya dirisha namba tatu la benki moja ya Bengaluru, akiwatazama wateja kana kwamba wao ndio waliomfungia mle ndani, na siku mbili zilizobaki alikuwa barabarani. Akiwa mjini, roho yake ilikuwa milimani Kodagu, kwenye ekari kumi na mbili za kahawa za baba yake. Akifika Kodagu, ikigonga saa sita mchana wa Jumapili alianza kuangalia saa na kuuliza kama magari yameshajaa Mysuru. Mumewe Uthaiah, mwalimu wa hesabu aliyestaafu na mtu mzito wa kuinuka, alisema amemwoa kiguu na njia. Alisema bila uchungu. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kulala akiwa ameketi.

Mwaka huo hangaiko lake lilikuwa na sababu. Kaka yake, Somanna, aliyehamia Kanada miaka kumi na tisa nyuma na tangu hapo akawa na maoni mengi juu ya shamba, alikuwa amepata mnunuzi: kampuni ya kujenga vijumba vya wageni, kwa ajili ya watu wanaopenda kuamka katikati ya kahawa bila kujua inatoka sehemu gani ya mti. Misimu miwili mfululizo maua yalikuwa yameungua, na baba yao, Mzee Kushalappa, alikuwa amechoka kubishana na simu. Chondamma akaomba msimu mmoja.

"Mmoja," alisema Somanna. "Maua yakishindwa tena, tunatia sahihi."

Wakakubaliana wote watatu. Kuanzia hapo maisha yake yote yakawa yanasubiri mvua moja.

Kahawa ya huko ina madaha yake. Matumba ya maua hukaa yamefumba kwa majuma, yakingoja inchi moja ya mvua. Ikija kamili, siku ya nane shamba lote hufunguka jeupe. Ikija pungufu, matumba huamka, hukuta hakuna maji, hugeuka rangi ya waridi na kukauka. Huokoka tu mwenye shamba akiwahi kuyaongezea maji kwa pampu ndani ya siku mbili tatu. Ndiyo maana Kodagu mvua huhesabiwa kwa senti, nazo si za fedha: senti ni sehemu moja ya mia ya inchi. Kila nyumba inayojiheshimu ina kipima mvua uani. Wingu likipita watu hawajuliani hali, wanapigiana simu kuulizana senti ngapi, na kila mmoja huisimulia mvua yake kama mtu anayesimulia matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Alhamisi ya pili ya Machi, jioni, simu ikalia.

"Mia moja na tano," alisema Mzee Kushalappa, bila salamu.

"Una hakika, Baba?"

"Unamuuliza nani? Kipima mvua hicho nakisoma tangu hujazaliwa."

"Na kwa Mzee Mandappa?"

"Tisini." Mzee akaiacha ile tisini izame vizuri. "Masikini."

Mandappa alikuwa jirani wa ng'ambo ya bonde. Wazee hao wawili walikuwa wakishindana tangu shule ya msingi: kwanza mbio, kisha shabaha ya bunduki, kisha watoto, na miaka ya karibuni nani alipasuliwa goti na daktari bingwa zaidi. Chondamma akamshukuru Mungu kwa senti mia moja na tano, akampigia muuza mafuta wa Gonikoppal, akafuta oda ya mapipa mawili ya dizeli ya pampu. Ijumaa nzima wateja wa dirisha namba tatu walipewa tabasamu ambalo hawakujua walifanye nini.

Jumamosi waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Maddur walisimama kwa bajia, kwa sababu Uthaiah alishasema kwamba kupita Maddur bila bajia ni dhambi asiyotaka kuibeba katika umri wake. Yeye alikaa. Chondamma alikula kasimama, ufunguo wa gari mkononi.

"Kaa ule, Mama Boji. Kahawa haitakimbia."

"Nimeshakula."

"Umemeza. Kula ni jambo jingine."

Wakapita Mysuru kabla jiji halijaamka sawasawa, wakapita Hunsur, wakaingia msitu wa Thithimathi, ambako tembo mmoja alikuwa amesimama kando ya lami akifikiria mambo yake, na watalii wa Bengaluru wamesimamisha magari sita kumpiga picha. Chondamma akapiga honi. Uthaiah akamkumbusha kwamba tembo si mteja. Hata hivyo walitoka salama, na saa nne na robo wakaacha lami, wakashika njia ya udongo iendayo kwa Mzee.

Hapo ndipo alipofunga breki.

"Tumefika?" Uthaiah aliuliza, akifumbua jicho moja.

"Vumbi."

"Vumbi gani?"

"Angalia kioo cha nyuma."

Nyuma yao vumbi jekundu lilikuwa limesimama kama pazia. Mibuni ya kando ya njia ilikuwa imepakwa vumbi hilohilo, kila jani, na matone machache yalikuwa yameliachia madoa kama ya tetekuwanga. Mvua ya senti mia moja na tano haiachi vumbi. Chondamma akashuka, akachuchumaa chini ya mbuni, akachimba kwa ufunguo wa gari. Udongo ulikuwa na unyevu wa pingili moja ya kidole. Chini yake ulikuwa mkavu kama majivu. Akavuta tawi. Matumba yalikuwa yameshaanza kuvimba.

Mzee Kushalappa alikuwa barazani, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Alipoona jinsi bintiye alivyofunga mlango wa gari, akainuka kuelekea jikoni.

"Kahawa kwanza," alisema.

"Baba, ilikuwa senti ngapi?"

"Kuna mikate ya mchele, na mchuzi wa nguruwe wa jana. Wa jana ndio mtamu."

"Ngapi?"

Mzee akaitazama mipilipili manga iliyopanda kwenye miti ya kivuli, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta wakili. "Arobaini na mbili," alisema.

Chondamma akakaa. Kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Mandappa alinipigia yeye kwanza," Mzee akaendelea. "Kasema tisini. Bonde moja, wingu moja, yeye apate tisini, mimi arobaini na mbili? Kwani nimemkosea Mungu nini?"

"Mimi si Mandappa. Mimi ungeniambia."

"Nikuambieje? Mke wa Mandappa ni shangazi yake huyu." Akamwonyesha Uthaiah kwa kidevu. "Nikuambie wewe arobaini na mbili, wewe umwambie mumeo, mumeo amwambie shangazi yake. Kabla ya kifungua kinywa Mandappa anajua."

Wote wawili wakamgeukia Uthaiah.

"Kwa kweli ningemwambia," alisema Uthaiah, ambaye kusema uongo kulikuwa kunamchosha.

Hesabu haikuwa ngumu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Maji yangeingia leo na kesho, au yasingekuwa na maana tena. Chondamma akasema wawashe pampu. Mzee akatikisa kichwa. Injini ile, alisema, inasikika mpaka Ponnampet. Mtu mwenye senti mia moja na tano anawasha pampu ya nini?

"Sema unaijaribu."

"Saa thelathini mfululizo?"

"Baba, Somanna anasubiri simu yangu. Nimwambieje? Kwamba tumeuza shamba ili Mandappa asijue?"

Mzee akalifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko bintiye alivyopenda. Mwishowe akasema, "Dizeli yenyewe uliifuta," akaingia ndani. Chondamma akaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Uthaiah akatumwa Gonikoppal na madumu yote ya nyumbani kuifuata ile dizeli ya mapipa mawili, na inasemekana siku hiyo aliendesha gari kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia hata mkewe alipokuwa na uchungu wa kumzaa mtoto wao Boji. Chondamma na Velu, mfanyakazi wa shamba aliyekaa pale kwa miaka thelathini, wakaanza kubeba mabomba kutoka ghalani na kuyaunganisha kutoka bwawani hadi mlimani. Velu alifanya kazi bila haraka na bila kusimama.

"Mimi nilijua tangu Alhamisi," alisema, akikaza kiungo.

"Ulijuaje?"

"Nilitembea peku."

"Sasa mbona hukusema, Velu?"

"Mimi nani anayenipigia simu kuniuliza senti?"

Injini iliwaka saa nane mchana. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, kisha ikaanza kupiga kelele za aibu kubwa, na vinyunyizio vikageuka vikirusha maji juu ya mibuni. Nyumbani, madirisha yalionekana yakifungwa moja moja, kana kwamba ukiziba masikio yako jirani naye hatasikia.

Hazikupita dakika ishirini. Ng'ambo ya bonde kitu kikakohoa. Kikakohoa tena, kikashika, na moshi mwembamba ukapanda juu ya miti ya Mandappa.

Mzee Kushalappa akatoka barazani. Akasikiliza kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayeutambua wimbo wa harusini kwake.

"Amesema tisini," alisema taratibu. Uso wake ulikuwa umerudi miaka kumi nyuma. Akaingia ndani, na sauti yake ikasikika kwenye simu, ya upole kabisa. "Mandappa, ndugu yangu. Nasikia unajaribu pampu." Kimya. "Aa, hata mimi. Naijaribu tu." Kimya kirefu zaidi. "Tuzijaribu mpaka kesho, au siyo?"

Mabomba huhamishwa kila baada ya saa tatu au nne. Chondamma aliyahamisha akiwa na matope mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Jumapili saa sita ilipita asiione. Ilipofika saa tisa, robo tatu ya shamba ilikuwa imelowa. Sehemu ya bondeni, karibu na kijito, ikabaki mikononi mwa Velu na Mzee kwa usiku huo. Akarudi Bengaluru akiwa ameikasirikia barabara, magari, na mumewe aliyelala.

Juma lile dirisha namba tatu lilikosea mara mbili. Jumapili iliyofuata alikuwa tena shambani alfajiri, na sehemu ya juu ilikuwa imefunguka: kila tawi limevaa maua mpaka ncha, nyuki wanavuma kiasi cha kufanya watu waongee kwa sauti ya juu, na harufu ile ambayo kwa siku moja ni tamu na kwa siku ya pili inaumiza kichwa. Bondeni matumba yalikuwa yamevimba, yamefumba. Akayapapasa. Akayasemesha. Saa tisa ikabidi aondoke.

Jumatatu jioni Mzee akapiga simu.

"Bondeni napo pamefunguka."

"Pote?"

"Nusu," alisema Mzee, baada ya kufikiri.

Nusu ilikuwa sawa na kushindwa. Bondeni ndiko kulikuwa na miti mikubwa, na Somanna alijua. Chondamma akauliza nusu ya aina gani, Mzee akasema nusu ni nusu. Akataka kumpigia shangazi wa Uthaiah, kisha akakumbuka shangazi anaishi nyumba gani. Hakukuwa na mtu wa kumwamini Kodagu nzima, ila Velu, na Velu hakuwa na simu.

"Unakwenda wapi?" Uthaiah aliuliza alfajiri ya Jumanne, toka ndani ya shuka.

"Kuona."

"Kilomita mia mbili na thelathini, kuona?"

"Ungekuja ungelala njiani."

"Nitalala hapahapa. Ni karibu zaidi."

Alifika saa nne. Maua ya juu yalikuwa yameshapata kutu ya kahawia, kama inavyopasa yakishafanya kazi yake. Hakusimama nyumbani. Akateremka mbio, akashika mti wa mwisho kwenye kona ya njia, na bonde likawa mbele yake. Lilikuwa jeupe lote, mpaka kwenye maji ya kijito. Velu alikuwa amesimama katikati na mapetali kichwani.

Mzee alimfuata kwa fimbo, goti lake la daktari bingwa likilalamika.

"Ulisema nusu," Chondamma alisema.

"Nilihofia utasema nimezidisha."

Akampigia Somanna hapohapo. Kanada ulikuwa usiku, lakini alipokea upesi, kwa hiyo naye alikuwa hajalala.

"Pote," alisema Chondamma. "Mpaka kijitoni."

"Nani kasema? Baba?"

"Mimi. Nimesimama hapa."

"Baba naye kila mara huwa amesimama hapo."

"Basi njoo uone. Yanadumu siku tatu."

Upande wa pili wa dunia Somanna alisikika akivuta kiti. Siku tatu zisingemtosha hata kupata tiketi, naye alijua kwamba dada yake anajua. "Umeomba ruhusa kazini?" aliuliza.

"Hapana."

Hilo la kutoroka kazi, inaonekana, lilikuwa ushahidi tosha. "Haya," alisema. "Nitamwambia mnunuzi msimu huu hatuuzi."

Velu alileta kiti cha mbao akakiweka mwisho wa mibuni, Mzee akakiashiria kwa fimbo, na Chondamma akakaa. Nyuki walikuwa wakifanya kazi. Alikaa kama dakika nne.

"Maji ya pili, ya kushikisha matunda, yanatakiwa ndani ya siku ishirini," alisema, akiwa ameshasimama. "Dizeli imebaki?"

"Imebaki," alisema Mzee. "Pipa zima."

Chondamma akaenda kuliangalia.