Nilimcheka baba kuhusu mishale, mke wangu akavunja mwiko kumuokoa

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko zangu Tukuyu, baridi kama kawaida. Hiki kisa hata wanangu sijawahi kuwasimulia. Chumvi sitaongeza, kilivyo kinatosha.

Ni ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Mitumba imefurika, mpaka mzee wa kanisa anavaa koti lenye maandishi ya timu ya Ulaya. Wa rika langu mnakumbuka.

Tulikuwa tunaishi Nkunga, nyumba yangu na ya baba uwanja mmoja. Nguruwe pori walikuwa wanashuka kutoka msituni kumaliza mahindi, na baba ndiye aliyetegemewa kuwapunguza. Upinde wake wa kienyeji, mishale ya mwanzi, basi.

Kuchagua mshale kwake ilikuwa kama ibada. Anauzungusha juu ya ukucha aone kama umenyooka. Anaulaza kiganjani. Anaukunja kidogo, anasikiliza. Halafu anaupima kuanzia kifuani mpaka ncha ya kidole, na ukishapimwa kwa mkono wako ni wako peke yako. Kwetu mtu harushi mshale wa mwenzake.

Mimi nilijua ni ushirikina tu. Nilikuwa nimesoma mpaka fomu foo, mnajua tena ule ujuaji.

Kuna mwiko wa pili lazima niueleze, kwa sababu ndio uliobeba kila kitu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani. Hawaongei, hawatazamani. Mke wangu, Mama Ipyana, alikuwa na miaka sita pale nyumbani na hajawahi kumtamkia mzee hata salamu. Mzee akikohoa uwanjani, yeye anaingia jikoni. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, lakini hilo halikuguswa.

Sasa siku moja sokoni nikakuta muuza mitumba ana upinde wa kizungu. Mbao zimegandishwa tabaka tabaka, ncha zimejikunja kwenda mbele. Aisee, mzuri! Alikuwa na mishale ya aina mbili. Ya mbao, mizito, imefifia. Na ya alumini, inang'aa, ina mapezi ya plastiki mekundu.

Nikachagua inayong'aa. Hata sikuishika ile mingine.

Nyumbani nikaiona mirefu mno kwa vichakani. Nikachukua msumeno wa chuma, Mama Ipyana akanishikia upande wa pili, nikaikata kwa kipimo cha mkono wangu. Halafu nikapunguza tena vidole vitatu, ati iende kasi. Ncha nilitengenezewa na mhunzi wa Mpuguso, bapa, kali kama wembe.

Mimi ni mfupi, nimemfuata mama. Baba alikuwa anashusha mkungu wa ndizi bila ngazi.

Jumamosi asubuhi nikamwonyesha, na jirani mmoja yupo. Baba akauzungusha mmoja kwenye ukucha, akaulaza kiganjani.

"Mwepesi," akasema. "Na umepimwa kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Lakini baba, mkono ni mkono. Hayo mambo ya kizamani ndiyo yanatuchelewesha."

Jirani akacheka. Mimi nikanogewa, nikaongeza, "Au mzee unauogopa?"

Mpaka leo hilo neno linaniuma.

Baba akauchukua upinde, akageukia mgomba niliouwekea alama. Wa kwake wa kienyeji alizoea kuuvuta mpaka kifuani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Huu unavutwa mpaka shavuni, baba. Vuta usiogope."

Akavuta. Mimi macho yangu yote yako kwenye mgomba.

Ghafla mlango wa jikoni ukabamizwa, na sauti ya mwanamke ikapiga ukelele:

"Baba, usiachie! Ncha iko nyuma ya mkono!"

Wakuu, niliganda. Sauti ya mke wangu, mwiko wa miaka sita, mbele ya jirani! Kwa sekunde nzima nilishtukia hilo tu. Nikawaza, huyu mwanamke amerukwa na akili.

Kisha nikamtazama baba.

Mshale ulikuwa mfupi. Alipovuta mpaka shavuni, ncha ilikuwa imerudi ndani, imepita upinde, imetua nyuma ya kiganja kilichoushika. Kamba imevutwa yote, wembe unagusa shina la dole gumba. Damu ilishaanza kutiririka.

Baba akailegeza kamba taratibu. Kumbuka huyo ni mkulima, mkono huo ndio unaomlisha.

Mama Ipyana alikuwa amepiga magoti uwanjani, kanga imefunika uso, analia. Jirani akaanza kusema wazee waitwe, mwiko umevunjwa, faini ilipwe. Baba akamnyamazisha kwa kuinua kidole.

Akakata kipande cha mgomba, kinene kama kiganja, akakifunga pale panaposhikwa upinde. Upinde akaufunga kwenye nguzo. Akasimama pembeni, akavuta mshale uleule mpaka ncha ikawa nyuma ya kile kipande, akaachia.

Pah!

Ulipita katikati, ukatokea upande wa pili. Mimi nikakaa chini kwenye matope.

Baba akampa mgongo mkwe wake, kama desturi inavyotaka, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ndaga fijo, mwanangu."

Asante sana, kwa lugha ya kwetu. Hawakuongea tena mpaka anafariki.

Lakini tangu siku ile, kila akitengeneza mishale aliiacha kizingitini pa jiko na kuondoka. Mama Ipyana anatoka, anaikagua, mibovu anaiweka kushoto. Mzee akirudi, ya kushoto anaitia motoni bila swali.

Alipofariki nilirithi podo lake la mishale. Nikaipima ile mishale kwa mkono wangu, yote ikauzidi urefu. Yote ilikuwa sawasawa kwa mkono wake. Na ile ya miaka ya mwisho, mzee macho yameisha, aliyeikata ni mke wangu. Nikamuuliza alijuaje urefu wa mkono wa mtu asiyewahi kumsogelea.

"Mama mkwe akianika koti la mzee kambani," akasema, "nilikuwa napima mkono wa koti kwa mwanzi."

Nilichojifunza ni kimoja: mimi ndiye niliyesoma, na katika uwanja ule mimi peke yangu sikupima kitu sawasawa.

Wenye uzoefu wa upinde, au wenye wakwe, karibuni mseme. Mkitaka kunitukana pia ruksa, nimestahili.