Siku Nilipofunguliwa Bafuni na Mjukuu Wangu Sisimizi

Katika maisha yangu sijawahi kusema uongo.

Haya, huo ni wa kwanza kwa leo.

Siku mkono wa kitasa uliponing'okea bafuni, nilikuwa na povu kichwani na kitaulo cha kufutia uso. Basi.

Bafu langu halina dirisha. Nikasukuma mlango. Nikaupiga teke, kidole kikavimba. Mlango kimya, kama mkwe aliyenuna.

Nyumbani alikuwepo mjukuu wangu tu, Sisimizi, miaka kumi na moja, binti wa mwanangu fundi cherehani.

Sasa sikieni aibu yangu. Asubuhi ileile fundi vitasa wa mtaani alikuja kuomba Sisimizi ajifunze kwake kila Jumamosi. Mwanangu akasema, "Mama ndiye ataamua."

Nikaamua. Mtoto wa kike na bisibisi wapi na wapi? Akajifunze kupika.

Na babake anashona magauni kutwa nzima, wala sijawahi kumuuliza.

"Bibi, uko hai?"

"Niko hai, mlango umenikatalia. Kamwite seremala."

"Aje akukute hivyo ulivyo?"

Nikajitazama. "Ngoja kwanza."

"Nifungue mimi?"

Hewa ilikuwa inaisha, au mimi ndiye niliyekuwa naisha.

"Fungua."

"Na Jumamosi?"

Mtoto huyu kamrithi nani, sijui. "Utakwenda. Fungua!"

Nikasikia skrubu zikilia, moja moja, mpaka nne. Akabandua bamba la kitasa, akaingiza koleo, akazungusha. Kra. Mwanga ukaniingia machoni pamoja na povu.

Mchana mwanangu akarudi kula, akaona tundu mlangoni.

"Nani kafungua?"

Ningemtaja mtoto, ningeyameza maneno yangu ya asubuhi, na meno yenyewe yamebaki machache.

"Mimi mwenyewe. Nilihangaika na kitasa humo ndani mpaka kikatii."

Sisimizi akaniangalia. Kisha akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipochomwa. Binti ukimwambia kila siku kwamba hawezi, hata alichokifanya kwa mikono yake atakuachia ukichukue. Wenzangu wenye mabinti na wajukuu, msiwafungie huko.

Lakini mdomo ulishatangulia.

Mwanangu akachuchumaa. Skrubu nne zilikuwa zimepangwa sakafuni, upande wa nje wa mlango. Akazitazama, akanitazama.

"Sisimizi, Jumamosi usimcheleweshe fundi," akasema. "Na wewe, mama, hebu nieleze. Mkono wako ulipitia wapi?"