Tope la Lupembe Mkutanoni

Wasichana tuliosoma fizikia chuo kikuu tulikuwa wachache mno. Likizo moja, miaka ile mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuongezeka, mimi na mwenzangu wa Songea tuliandaa mkutano wetu Makambako, kwa kuwa barabara za kwetu zinakutana pale. Tukaalika na wasichana wa sekondari kutoka upande wa Lupembe.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Wenzetu wa Mbeya na Iringa walifika, lakini wa Lupembe hawakuonekana. Mwenzangu alikuwa ameshaanza hotuba ya ufunguzi lori la mbao liliposimama nje. Wasichana wakashuka, wamejaa tope hadi magotini.

“Kamwene, dada,” alisalimia mmoja. “Samahani kwa kuwachelewesha. Lori lilikwama, tukakata matawi tukayaweka chini ya matairi.”

“Kwa nini matawi?” mwenzangu akauliza.

Wakatazamana. Yule msichana akajibu taratibu, “Tope linateleza. Tairi lilihitaji msuguano.”

Mwenzangu alikunja hotuba yake, akampa chaki. “Njoo utuchoree.”

Alichora bila kunawa. Sisi wa chuo kikuu tukasogeza viti mbele, na maswali hayakukoma mpaka chakula kikapoa.