Sampo ya Vero

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kununua mchele, na kabla sijafika kwa muuzaji nikaisikia ile sauti: kwachu, chuma kinaingia guniani. Kinaitwa bambo, chuma chembamba chenye mfuo na ncha kali, kinachochomwa ubavuni mwa gunia na kutoka na mchele wa kujaza kiganja. Ikafuata harufu ya mchele mpya, inayokaribiana na ya maziwa yanayoanza kuchemka. Nilisimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko Lipangalala pale Ifakara, miaka ya tisini, nimeziba mlango wa ghala la mama na sitaki mtu apite.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alifuata mpunga kwa wakulima wa Mngeta, akaukoboa mjini, kisha akawasubiri wanunuzi wa kutoka Dar. Neno langu la kwanza la Kiingereza nililipata kwao, nalo ni sampo, yaani sampuli. Wakati huo sikujua kama ni la Kiingereza. Nilijua tu kwamba likitajwa, uso wa mama unabadilika. Mnunuzi alichoma bambo, akamimina mchele kiganjani, akaunusa, akatafuna punje mbili tatu, kisha akaufunga kwenye karatasi kwenda kumwonyesha tajiri wake aliyelala gesti. Kabla ya kuondoka aliandika herufi zake kwenye gunia kwa mkaa. Kuanzia hapo gunia lilikuwa na mwenyewe, hata kama hajalipa, na kumuuzia mwingine ilikuwa aibu. Kwa hiyo mnunuzi akiwa mgeni, mama alimwambia aache kitu: kofia, saa, chochote. Siwatanii, tuliwahi kukaa siku mbili na kiatu kimoja cha mtu wa Dar.

Kwa fundi cherehani neno hilo lilikuwepo pia. Mama alimpelekea gauni lake la Pasaka liwe sampo ya kunishonea langu, na Jumapili mbili baadaye tukaliona kanisani, limevaliwa na mke wa fundi, liko mstari wa mbele wa kwaya. Mama alivumilia mpaka misa ikaisha. Aliyoyasema baada ya misa sitayaandika hapa. Shuleni nako mwalimu wa sayansi alitutuma sampo za udongo, akazipanga kwenye makopo dirishani, na hatukuambiwa kamwe alichokiona ndani yake. Mimi basi nikawa nimeshaamua. Mtu anayeomba sampo ana jambo lake, na anachoondoka nacho hakirudi.

Ndipo wakaja watu wa utafiti wa malaria, na baiskeli zao, mabegi ya turubai na chaki. Aliyepangiwa mtaa wetu alikuwa kijana mpole wa upande wa Mahenge, jina lake Deo. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," akaandika namba mlangoni kwetu, kisha akaeleza kwamba wanapima watoto wadogo nyumba kwa nyumba.

"Kesho tutaomba sampo kidogo tu ya damu ya huyu mdogo," alisema.

"Umeshaniandika mlango," mama akamjibu, "halafu ndiyo unaomba?"

Deo hakuelewa kosa lake. Mimi nililielewa vizuri sana. Alikuwa ametuwekea alama kama gunia, na bado hajaacha hata kofia. Alipoondoka tu, mama alichukua kitambaa kibichi akaifuta ile namba mpaka mbao zikang'aa.

Mdogo aliyetajwa ni Vero, mdogo wangu wa miaka minne. Siku hizo Vero alikuwa amepoa. Alikaa barazani akibandua udongo wa ukutani na kuula, na akienda chooni hatua chache tu alirudi anahema. Mama alimkaripia kwa ule udongo, kisha akamshika mkono na kukitazama kiganja chake kwa muda mrefu. Nilidhani anatafuta uchafu.

Mtaani watoto walishasema kwamba watu hawa ni mumiani, kwamba damu inakwenda kugeuzwa dawa za matajiri. Niliamini kila neno. Nilimpeleleza Deo akitoka nyumba za jirani, na nikaona kabisa kwamba begi lake linaingia jepesi na kutoka zito. Mama hakuniambia kitu juu ya mumiani. Aliniambia tu kwamba nikisikia kengele ya baiskeli nimwingize Vero ghalani, nyuma ya magunia, niseme amekwenda kwa bibi yake. Nilifanya hivyo mara mbili wiki ile, na uongo ulinitoka laini kama uji. Nilijiona askari.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, mama yuko mashineni anakoboa. Kengele ikalia. Vero hakuweza kuinuka, nikambeba, nikamlaza nyuma ya magunia na kusimama mlangoni. Deo alikuwa ananisalimia tu pale Vero alipoguna mle ndani.

"Nani huyo?" akauliza.

"Paka."

Vero akaniita, kwa sauti ndogo, "Dada."

"Paka wenu anaita dada?" Deo hakucheka. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane. "Siingii kwenu bila ruhusa. Nenda kamwite mama, upesi."

Hapo nikashikwa. Nikienda, namwacha Vero na mwizi wa damu. Nikamwambia kama mama anavyowaambia wageni: "Acha kitu." Akanitazama, kisha akanikabidhi baiskeli yake, akavuka barabara na kukaa chini upande wa pili. Bado sikumwamini. Nilifunga ghala kwa kofuli, Vero akiwa ndani, nikaondoka nikiisukuma baiskeli iliyonizidi kimo, pedali ikinigonga muundi kila hatua.

Ifakara hakuna mfanyabiashara aliyeacha mpunga wake mashineni bila kuutolea macho. Ukigeuka tu, unarudishiwa pumba na chenga za mwenzako. Mama aliponiona na baiskeli ile aliuliza jambo moja: "Vero yuko wapi?" Nikamjibu kwa fahari kwamba nimemfungia ghalani. Alininyang'anya ufunguo akakimbia, mpunga wake ukiendelea kumiminwa.

Nilipofika nyumbani Deo alikuwa amepiga magoti barazani, amefunua kope la Vero kwa kidole gumba.

"Mama, mtoto hana damu huyu. Sampo yangu tuiache. Twende hospitali sasa hivi."

Akawapakia wote wawili kwenye keria ya baiskeli. Nami nikafuata kwa miguu, nalia njia nzima.

Hospitali nesi alisema mtoto anahitaji kuongezewa damu, ila kwanza apate sampo ya mama aone kama zinapatana. Mama alikunja mkono wa gauni kabla nesi hajamaliza. Baadaye nikaona damu yake ikishuka tone kwa tone kuingia kwa Vero, nikatafuta mahali pa kuweka macho yangu. Mama alimuuliza Deo jambo moja tu, kile kilichomfanya Vero awe hivyo ataambiwa lini. Deo akasema kesho asubuhi, na atakuja yeye mwenyewe.

Alikuja kweli. Alisema ni malaria na minyoo, na dawa zipo. Mama alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Mimi nilimkodolea Deo macho ya chuki, maana nilidhani ametuletea msiba.

Miaka mingi baadaye, siku Vero anabatiza mtoto wake wa pili, mimi na mama tulikuwa uani tunachambua mchele. Nikamkumbusha wale mumiani wake, nikicheka.

"Mumiani?" mama akasema. "Nani aliwaamini hao? Kaka yenu alianza hivyohivyo, viganja vyeupe."

Kaka yetu mkubwa, Agustino, alikufa kabla sijazaliwa. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba naye alipimwa damu, na mama akaambiwa ugonjwa umo ndani ya damu yenyewe, hauna dawa.

"Nilijua nikimtoa Vero nitaambiwa tena vilevile," alisema. "Nikataka nikae naye kidogo kabla sijaambiwa."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nilimwonea mama huruma, na nikajiogopa, kwa sababu ya lile kofuli nililomfungia Vero. Vero akatoka ndani, kichanga begani, akatuuliza mbona tumenyamaza.

"Mchele huu," mama akamwambia, "una chenga nyingi."