Bonde la Kizingitini

Fundi mwashi waliyemwita Pimamaji hakupewa jina hilo bure. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajaketi huukagua ukuta kwa jicho moja, na mkewe humfinya kiunoni asije akataja kasoro. Kitu kilichopinda kilimkosesha raha kama kokoto ndani ya kiatu.

Ndiye aliyepewa kazi ya kukarabati hekalu la Wahindu la mtaani kwao, lililojengwa na mababu wa waumini wa leo. Yeye hakuwa wa dini hiyo, ila alizaliwa nyuma ya ukuta wake, na kengele yake ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule. Mwenyekiti wa hekalu alimwambia waziwazi kwamba hapa hawajengi jipya, wanaliponya la zamani. Pimamaji akakubali. Kwa miezi kadhaa akabandua lipu iliyokufa, akapaka chokaa, akaziba nyufa za kuba, viatu vyake vikimsubiri mlangoni pamoja na vya waumini.

Kilichomkera kila siku ni jiwe la kizingiti. Nyayo za watu zilikuwa zimelila katikati, likawa na bonde kama la kijiko. Jioni moja, watu walipokwisha kuondoka, akaona afanye wema. Akakoroga saruji, akalijaza lile bonde, akasawazisha kwa mwiko, akaweka juu yake pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa. Kiputo kikatulia katikati. Akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Asubuhi akaja mama mzazi wa mwenyekiti, mwanawe akimfuata nyuma. Macho ya mama huyo yalikuwa yamezimika kwa miaka mingi, lakini hekaluni aliingia mwenyewe, hakutaka kushikwa mkono. Akavua kandambili, akapeleka mguu mbele, akapapasa kizingiti. Akapapasa tena. Akasimama.

"Mwanangu, umenileta wapi?"

Mwanawe akamweleza, akataka kumwingiza. Mama akauondoa mkono wake taratibu. Akasema lile bonde ndilo macho yake: kisigino kikitulia pale, anajua kengele iko mbele ya uso na madhabahu iko kulia. Amelikanyaga tangu alipokuwa bi harusi, akimfuata mama mkwe wake. Kama ni kuvutwa kama mbuzi wa sokoni, basi atasali nyumbani. Akavaa kandambili zake, akageuka.

Pimamaji alikuwa juu ya ngazi na aliyasikia yote. Akashuka. Mwenyekiti hakumgombeza, ila hakumtazama usoni.

"Niachie leo tu, kaka," Pimamaji akasema.

Saruji ilikuwa bado changa, lakini jiwe lilikuwa zee. Pigo moja baya lingelipasua, na mama yule asingerudi tena. Akalimwagia maji, akalala kifudifudi, akaanza kugonga kwa tindo ndogo, polepole, kama mtu anayemenya yai la moto. Mkewe alipomletea chakula alimuuliza kama anakitengeneza kizingiti au anakibembeleza kilale. Akapuliza vumbi, akagonga tena. Karibu na mwisho tindo ikateleza, ukingo ukameguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Akakitazama kwa muda, akakitia mfukoni, akaendelea.

Kesho yake mwenyekiti alimbembeleza mama yake hadi akaja. Kandambili zikavuliwa. Mguu ukaenda mbele, ukashuka bondeni, ukatulia. Kisha kidole gumba kikasogea pembeni.

"Nani kamegua hapa?"

"Ni mimi, mama." Pimamaji akatoa kile kipande. "Nitakibandika kwa chokaa, hutajua kama kilitoka."

"Kiache. Wewe ukianza tena kunyoosha, tutasalia nje." Kidole kikaizunguka ile alama mpya, kikaizunguka tena. "Na hapa nitapazoea."

Akaingia, mkono umeinuka mbele yake. Kengele ikalia.

Pimamaji akabaki ameshika kile kipande cha jiwe. Mwisho akakirudisha mfukoni, akapanda ngazi kumalizia kuba.