Marehemu wa Katsuva

Katsuva, muuza vitambaa wa mtaa wa Ngezi mjini Bunia, alikuwa anajifunza Kiarabu kwa simu ili siku moja aende Dubai kujinunulia mali mwenyewe. Mwalimu wake, mtu wa Unguja, alianza kwa kumwambia kwamba katika Kiarabu cha vitabu kitendo hutangulia, mtendaji hufuata, na kinachotendwa huja mwisho. "Zoea hivyo hata kwa Kiswahili," alisema.

Katsuva ni mtu wa kushika neno. Nyumbani alianza kusema, "Anapika... mama... sombe," na kila neno alilipima kichwani kwanza, hata sombe yenyewe, mboga ya majani ya muhogo, ikapoa.

Asubuhi moja pikipiki iliyotoka Komanda ikamgonga mbuzi wake. Katsuva akaingia uani mbio akiita, "Amekufa..." Akasimama kumtafuta mtendaji.

Bunia nani anamngoja mtendaji? Mkewe Kaswera akajitupa chini. Majirani wakaitikia kilio, maana huku mtu hulia kwanza, jina la marehemu atauliza baadaye. Viti vikaletwa, turubai likafungwa, kwaya ya parokia ikashika wimbo.

"...mbuzi," akamalizia Katsuva.

Hakuna aliyeinuka. "Siye tumeshalia," alisema jirani yake, Mama Régine, "na machozi hairudi mu macho. Matanga ni matanga."

Basi mbuzi akapikwa.

Jioni Katsuva akamwandikia mwalimu sentensi yake ya kwanza ya Kiarabu: Wamekula majirani marehemu.

"Maneno yamekaa mahali pake kabisa," aliandika mwalimu. "Lakini huko kwenu njaa imefika hapo?"