Nilivyoingia kwenye medical coding bila uzoefu, na herufi mbili zilizozua malaria Muyinga

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioko humu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Nacheka na nyuzi zenu, nalala. Leo nimeona mtu kauliza kama inawezekana kuanza medical coding bila uzoefu wowote, nikaona jibu langu halitatosha kwenye komenti.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Nilipojiaibisha sitaruka. Majina ya watu nimebadilisha, na ofisi sitaitaja hata ukija PM na maandazi.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akishatibiwa, karatasi yake inakuja kwako. Wewe unasoma alichoandika muuguzi, unaugeuza ugonjwa kuwa kodi (code) ya kimataifa, unaingiza kwenye kompyuta. Malaria ile kali ya falciparum ni B50. Wakubwa wakitaka kujua watu wa mahali fulani wanaugua nini, wanasoma kodi zako. Mwandiko wa muuguzi hawauoni.

Shikeni hapo.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Tabora. Nimesoma shule za Tanzania mpaka kidato cha sita, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nikatoka na div three ya kujishikiza. Vita vilipotulia wazazi wakasema tunarudi nyumbani Burundi, Muyinga, kwenye shamba la babu.

Wao walikuwa wanarudi. Mimi nilikuwa naenda, maana sikuwahi kufika.

Huku sisi tuliorudi kutoka ukimbizini wanatuita rapatriye. Si tusi, ila ukiitwa unajua umeonekana. Kirundi changu kilikuwa cha kusalimia wazee na kuombea chumvi. Kifaransa, sifuri kabisa. Na huku bila Kifaransa, cheti chako cha kidato cha sita ni karatasi nzuri ya kufunikia daftari.

Nikalima maharage na baba mwaka mzima. Baba mwenyewe alikuwa ananionea huruma, ila hasemi.

Siku moja binamu yangu akaniambia kuna ofisi Gitega inatafuta encodeur, yaani mtu wa kuingiza hayo magonjwa kwenye kompyuta. Nikaenda na suruali ya kuazima.

Tulikuwa kumi na mmoja kwenye interview. Wenzangu wote Kifaransa kinawatoka kama maji. Nikajisemea hapa nimekuja kutembea.

Kumbe ile programu yao ilikuwa imeletwa kwa Kiingereza, na kitabu chake kinene vilevile. Bosi, mama mmoja nitamwita Madamu Godeliva, aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kukaa ofisini, akafungua ukurasa na kumpa kila mtu aeleze. Wenzangu wakakohoa. Mimi nikasoma na kueleza mpaka akaniambia inatosha.

Nikapewa miezi mitatu ya majaribio. Nikapanga chumba mtaa wa Musinzira, hapohapo Gitega, nikampigia baba. Akasema, "Basi umefika nyumbani." Nililia, sioni aibu kusema.

Sasa wiki ya kwanza.

Nakuta karatasi nyingi zimeandikwa RAS. Mkojo, RAS. Mapafu, RAS. Wakuu, mnajua kwetu RAS ni nani. Ni Katibu Tawala wa Mkoa. Nikatafuta kwenye kitabu cha kodi, hakuna ugonjwa huo. Nikauliza kwa sauti mbele ya ofisi nzima, "Madamu, huyu RAS ni ugonjwa gani, mbona umeshika watu wengi hivi?"

Ofisi ililipuka. Kuna mmoja alitoka nje kabisa kwenda kumalizia kicheko. RAS ni mkato wa Kifaransa, maana yake hakuna cha kuripoti. Yaani nilikuwa natafuta kodi ya uzima.

Kuanzia hapo jina langu likawa RAS. "RAS, lete chai." "RAS, umeamkaje?" Nami nacheka nao. Lakini ndani niliweka nadhiri: sitauliza tena kitu mbele ya hawa watu.

Ninyi mnaoanza kazi, hiyo nadhiri msiiweke.

Mwezi wa pili zikaanza kuja karatasi za kituo kimoja cha afya huko Muyinga. Muuguzi wa pale alikuwa mtu wa mkato. Kwenye sababu ya kuja kituoni anaandika PF, basi, anaendelea na mwingine. PF, PF, PF.

Hapo nikatabasamu. Hii naijua. Mtu wa PCB utamwambia nini kuhusu Plasmodium falciparum? Hata kile kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kimeandikwa Pf pembeni. Vituo vya Gishubi na Buraza, vya huku upande wa Gitega, walikuwa wanaandika malaria kwa kirefu, paludisme, nikaona huyu wa Muyinga ndiye msomi kati yao.

B50. B50. B50. Nilikuwa nazishusha kama mtu anayepukuchua mahindi.

Kuna kitu nilikiona, siwafichi. Wagonjwa wa PF wote walikuwa wanawake. Malaria ya kilima kile (huku kijiji ndicho kilima) ilikuwa inachagua. Na ilikuwa kiangazi, mbu wenyewe ni wa kutafuta. Lakini kuuliza ni kuitwa RAS mara ya pili. Nikajijibu mwenyewe: watakuwa wajawazito, hao malaria huwapenda.

(Kuna mkuu atauliza mbona PF hujaijua mpaka sasa. Subiri kidogo, nami nilisubiri.)

Wiki mbili kabla ya majaribio kuisha, Madamu akaniita. Kwenye skrini yake mstari wa Muyinga umepanda kama ngazi.

"RAS, hii iko nini? Malaria wakati wa kiangazi, kwa kilima kimoja tu?"

Nikamwambia nimesoma karatasi vizuri, ndivyo zilivyo. Akatingisha kichwa. "Bon. Watu wa malaria watakwenda kuangalia. We uko wa kule, utawasindikiza."

Nilifurahi, wakuu. Nilijiona nimegundua mlipuko. Nikatoa orodha ya majina ya wagonjwa wale wote, nikaipiga pini, tukaondoka asubuhi: mimi, dereva, na kiongozi wa timu ya malaria, bwana mmoja mpole mwenye kofia.

Kile kilima wengi ni rapatriye kama mimi, Kiswahili kinaenda. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kiongozi anasoma jina, anauliza, "Ulipata malaria mwezi huu?" Mwanamke anatutazama, anamtazama mumewe au mama mkwe, kisha anasema ndiyo. Kiongozi anaweka tiki. Mmoja tu alisema hakumbuki.

Nyumba ya tano au ya sita tulimkuta dada nitakayemwita Konsolata, anachambua maharage uani na mumewe. Kiongozi akasoma jina na tarehe.

Mume akashangaa. "Malaria? Uliumwa lini? Mbona mimi nipo hapa sijaona?"

Yule dada hakuinua uso kwenye ungo. "Ilikuwa malaria. Ilipona haraka."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa shamba."

Tiki.

Tulipotoka akatufuata, akasema anatuonyesha njia fupi ya kwenda kwa jirani. Kiongozi akatangulia. Dada akanishika mkono wa shati.

"Mdogo wangu, jina langu nani kawapa?"

Nikamwambia limetoka kwenye karatasi za kituo.

"Mimi sikwenda na malaria. Nilikwenda PF."

"Ndiyo dada, PF si ndiyo malaria?"

Akanitazama. Nadhani siku nyingine angecheka. "We umekulia wapi?"

"Tabora."

"Ndiyo maana. Mimi Kibondo, kambini. PF ni ile kule kwetu tuliita uzazi wa mpango. Nilikwenda kuchoma sindano."

Wakuu, kumbe PF ni planning familial. Herufi ni zilezile mbili, na katika wote wanaojua Kifaransa pale ofisini hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikumuuliza yeyote.

Akaendelea, sauti ya chini, hana hasira. "Nina watoto saba. Huyu wa mwisho nilitoka damu mpaka padri akaitwa. Mume wangu si mtu mbaya. Anasema tulipoteza wengi njiani tukikimbia vita, tujaze nyumba. Namwelewa. Lakini mimi sitaki kufa. Sasa mmekuja na jina langu mpaka uani kwangu."

Nikasema pole. Pole gani hiyo.

"Iache iwe malaria," akaniambia, akarudi kwenye maharage yake.

Wale wanawake wote waliosema ndiyo, sasa nikawaelewa.

Kwenye gari kiongozi alikuwa na furaha ya kazi. Karibu wote wamethibitisha. Akasema dawa za akiba zilizokuwa ziende Gishubi zitaelekezwa Muyinga kwanza, na vyandarua vitafuata. Mimi niko nyuma nimeikumbatia ile orodha.

Nilikuwa nimezisoma karatasi za Gishubi kwa mkono wangu. Watoto wa miaka miwili, mitatu. Malaria kali, imeandikwa kwa kirefu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi na mbaya. Nikinyamaza, nabaki na kazi, yule dada anabaki na siri yake, na hakuna mtu duniani atakayejua, maana kosa langu limeshathibitishwa nyumba kwa nyumba. Ila dawa za watoto wa Gishubi zinakwenda kwa watu wazima wasioumwa. Nikisema, kazi imekwenda, na huenda wakarudi kilimani kuuliza nani alikuwa na malaria kweli na nani alikwenda PF. Mbele ya waume.

Nilitamani gari liharibike tusifike Gitega. Halikuharibika.

Kesho yake asubuhi niliingia kwa Madamu kabla wenzangu hawajafika. Nikamweleza yote, na maneno ya yule dada pia. Nilisema nikiwa nimesimama, kiti sikukiona.

Akaniuliza, "Sasa mbona hukuuliza?"

"Niliuliza RAS, Madamu. Mkacheka."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ego, ndiyo. Na mi nilicheka."

Hakuongeza kitu juu ya hilo. Akampigia simu kiongozi wa timu, akamwambia dawa zisiondoke Gitega, takwimu za kituo kile zina kosa. Bwana yule akaja mwenyewe, bado mpole, ila ana haki ya kukasirika. Akasema basi inabidi arudi kilimani akatenganishe, nani ni nani.

Madamu akamwambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Hapana. Kosa iko ya kwetu, tutaitengeneza hapa kwa hizi meza. Karatasi ziko, tutasoma moja moja. Kule kwa watu hakuna mtu anarudi. Wale bamama hawakukosea kitu."

Wakabishana kidogo kwa Kifaransa. Alishinda. Kisha akaninyooshea mkono. "Lete ile liste."

Nikampa. Akahesabu kurasa, akauliza kama kuna kopi nyingine, nikasema hakuna. Uani kwetu kuna jiko la mkaa la kuchemshia chai ya ofisi. Akaenda mwenyewe, akaichoma ukurasa mmoja mmoja.

Nikajua sasa ni zamu yangu.

"Majaribio yako unaanza tena," akasema. "Miezi tatu, kutoka zero. Kila mkato usiojua unaleta kwa meza yangu. Na mwenye kucheka, atakuja kuchekea hapa mbele yangu, tumwone meno."

Nilirudia karatasi zile zote, moja baada ya nyingine, siku tisa. B50 zikawa Z30, kodi ya uzazi wa mpango. Malaria ya kweli pale kilimani ilibaki kidogo tu, ya kawaida ya kiangazi. Dawa zikaenda Gishubi. Ile miezi mitatu mipya nayo ikaisha, na niko kazini mpaka leo. Kifaransa kimekuja, cha kuchechemea, lakini kimekuja.

Kwa mkuu aliyeuliza: ndiyo, inawezekana kuanza bila uzoefu. Kodi utazijua, kitabu kipo. Kompyuta utaizoea. Kitu kitakachokuponza ni kile unachodhani tayari unakijua kwa sababu ulikisoma mahali pengine. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, ila hawakutuambia kwamba kuuliza kunauma, na inabidi uulize hivyohivyo. Na wewe uliyetangulia kazini, mgeni akikuuliza swali la ajabu, meza kicheko chako. Hujui kesho atanyamazia nini.

Yule dada sijamwona tena, wala sijamtafuta, maana kumtafuta nako ni kumtaja. Kwenye kompyuta nimeshamsahihisha. Nyumbani kwake aliumwa malaria, ikapona haraka, na naomba Mungu ibaki hivyo.

Haya, nawasoma. Mliopo kwenye fani hii, na mliowahi kuponzwa na mkato wa kigeni, andikeni hapa chini. Mimi nimeshaanza kuvua nguo, hakuna wa kumwonea aibu.